Wageni wa Kipupwe na Madirisha ya Kijani

Jumapili, 5 Julai

Nimewasili salama katika mji huu wa pwani. Basi lilichelewa. Nimemsamehe dereva kwa mdomo, si kwa moyo.

Kipupwe! Wenyeji wanakiita baridi. Pale kituoni mchukuzi mmoja alikuwa na kofia ya sufu na makoti mawili, amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Mimi niliyezaliwa milimani, ambako maji ya ndoo hushika ukoko wa barafu asubuhi, nilivua koti langu mbele yake makusudi. Hakuniona.

Sababu ya safari hii naiandika mapema ili isije ikapotoshwa. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ana nyumba ya wageni ya ghorofa mbili, mtaa mmoja kutoka baharini. Miguu yake imechoka na ngazi. Ametuita wawili, mimi na binamu yangu, tukae naye wiki nzima. Na ifikapo Jumapili ijayo atamkabidhi mmoja wetu usimamizi wa nyumba, pamoja na vyumba viwili vya chini vya kuishi. Vya kuishi moja kwa moja! Nami navihitaji. Tangu ofisi ya wilaya ianze kupokea maombi kwa simu, meza yangu ya barazani, niliyokuwa nikiwaandikia wananchi barua zao, imerudi nyumbani, na mke wangu anapigia pasi juu yake. Yeye ndiye aliyenifungia sanduku. Kwa kasi ambayo sikuipenda.

Binamu amenitangulia. Nilimkuta juu ya ngazi akiziba mfereji wa paa, suruali imeganda saruji. Mwanamke mzima! Akaniamkia kutoka huko huko juu: "Karibu, Bwana Kwa-Kuwa!" Jina hilo alinipachika tukiwa watoto, eti sikuweza kuomba hata andazi bila kuanza na "kwa kuwa". Sikuitika. Mtu aliye juu ya ngazi haitikiwi.

Shangazi alinikumbatia, akasema nimekonda, akanipa blanketi la pili. Nililikataa kwa maneno yaliyopangika: kwamba kumpa mtu wa milimani blanketi la pili pwani ni dhihaka, japo natambua haikukusudiwa. Akasema haya baba, litakuwa kabatini.

Chumba changu kinatazama ukuta wa dobi. Cha Binamu kinatazama bahari. Nimeliona hilo.

Ninaandika haya nikiwa nimevaa koti, mashati mawili na soksi. Si kwa baridi. Kabati ni dogo.


Jumatatu, 6 Julai

Kashfa! Tena kabla ya chai!

Kipindi hiki nyumba haina wageni ila wawili. Wa kwanza ni mjane, muuguzi mstaafu, ambaye wote humwita Mama Muuguzi. Wa pili ni mzee aliyeendesha treni maisha yake yote, naye huitwa Dereva, ingawa hana tena cha kuendesha. Wazee. Wateja. Watu wanaostahili kuletewa chai wakiwa wameketi. Nami nimeshuka nikamkuta Mama Muuguzi amepiga magoti kwenye baraza, msasa mkononi, anasugua fremu ya dirisha! Na Dereva amejikunja nyuma ya mlango wa jikoni, anatia grisi bawaba!

Wageni wanafanyishwa kazi. Na Binamu anapita katikati yao akipiga mluzi.

Nilimwendea Shangazi nikamwomba maelezo. Akacheka. Alieleza kwamba hao ni watu wake wa kipupwe. Huja kila mwaka miezi hii, hulipa kidogo, hukaa kirefu, na kila mmoja ana kazi yake ndani ya nyumba. Chumvi ya bahari hula rangi na vyuma mwaka mzima, na ni sasa tu, jua likiwa pole, ambapo rangi hukauka taratibu ikashika. Wakati wa joto hututumka kama ngozi iliyoungua. Alisema hakuwahi kumwomba mtu. Mume wa Mama Muuguzi ndiye aliyeanza, mwaka fulani dirisha lao lilipokuwa likigonga na upepo. Mwaka uliofuata akaja na brashi mbili, yake na ya mkewe. Wakawa wanapaka wote wawili. Sasa mume hayupo, na mke huja peke yake kuyapaka yale yale madirisha, kwa kijani anachokichanganya mwenyewe, hakuna mwingine anayejua vipimo. Shangazi akamalizia kwa kuniambia nisimguse mtu kazi yake.

Nilimsikiliza kwa adabu hadi alipofika kwa marehemu. Hapo nilikuwa tayari natunga kichwa cha waraka wangu.

Maana picha imekamilika. Kazi zote ngumu za nyumba hii hufanywa na wazee, na sifa zote huchukuliwa na Binamu. Atakayewakomboa wazee hawa ndiye msimamizi wa kweli. Shangazi ataona. Atalia, pengine.


Jumanne, 7 Julai

Nimekwenda ufukweni kuutazama mji na kujionyesha.

Mji uliofungwa nusu. Kibanda cha aiskrimu kimepigwa misumari. Viti vya plastiki vimerundikwa na kufungwa mnyororo, kana kwamba kuna mwizi wa viti wakati huu. Mpiga picha mmoja ameketi juu ya boya lililopasuka, kamera shingoni, hana wa kumpiga. Bahari yenyewe ni ya kijivu na imetulia, haidai kitu. Saa sita mchana jua ni tamu kama la asubuhi. Nikasema moyoni: na hawa ndio wanaovaa mitandio!

Binamu alikuwa hapo na Dereva, wakitafuta kokoto za kuwekea chini ya mtungi wa maji. Aliniuliza, mbele za watu, kama watu wa milimani huoga au hupanguswa tu. Dereva akacheka hadi akakohoa. Nilijibu kwamba maji haya, kwa mtu wa asili yangu, ni uvuguvugu. Akasema, "Basi ingia, kaka, tukuone."

Niliingia. Nilikunja suruali hadi magotini, nikasimama ndani ya maji kwa heshima, mikono nyuma. Ilikuwa baridi ya kukata maini. Sikuonyesha. Mpiga picha akasimama. Watu wanne hivi wenye mitandio wakasimama. Nilikuwa naanza kuwaeleza tofauti kati ya baridi na dhana ya baridi, likaja wimbi moja, dogo, lisilo na adabu, likanifika kifuani na kuondoka na kiatu cha kushoto.

Mpiga picha alinipiga picha. Hakuniomba ruhusa.

Nilirudi mguu mmoja uchi. Binamu alinivulia kandambili zake, yeye akatembea pekupeku barabara nzima. Kujipendekeza kwa wazi kabisa! Zilikuwa za waridi.


Jumatano, 8 Julai

Ninaumwa. Mafua, kichwa, viungo. Ni vumbi la basi la Jumapili. Maji ya bahari hayahusiki.

Mama Muuguzi alikuja na beseni la maji ya moto, akanifunika kichwa kwa taulo, akaniamuru nivute mvuke. Mikono yake ina mabaka ya kijani hadi kwenye viwiko. Nikaona nafasi. Nilimhoji nikiwa chini ya taulo.

Nilimuuliza kama mgongo humuuma. Akasema humuuma sana, jioni hawezi hata kuinama kufungua kamba za viatu. Nikamuuliza kama harufu ya rangi humsumbua. Akasema humlewesha. Nikamuuliza kama amewahi kukataa kazi hiyo. Akashangaa: akatae vipi? Akasema madirisha ya mbele ameyasugua, bado kuyapaka, na la chumbani kwake huliacha la mwisho kila mwaka, maana akilimaliza hilo huona kama safari imekwisha. Halafu akaniambia nivute pumzi, nisiseme.

Ushahidi kamili! Mgongo. Ulevi wa harufu. Kutojua kwamba anaweza kukataa. Niliandika yote mara alipotoka. Karatasi ililowa kidogo kwa mvuke, lakini hoja zinasomeka.

Jioni Binamu aliniletea supu ya samaki. Niliitilia shaka, nikainywa yote kwa uchunguzi. Aliketi pembeni ya kitanda akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo siijui, kwamba yeye hana haja ya kugombana nami. Kwamba nyumba ni kubwa, yeye hajui kuongea na wageni wala kuandika barua za maana, na kwamba tukimwambia Shangazi tushike wote wawili, huenda akafurahi. "Wewe kalamu, mimi nyundo. Unaonaje, kaka?"

Anaogopa! Imedhihirika. Mtu haombi kugawana anachojua atakipata.

Nilimwambia nitalitafakari pendekezo lake likiletwa kwa maandishi. Alichukua bakuli akatoka.


Alhamisi, 9 Julai

Siku ya matendo. Nimepona, au nimejilazimisha.

Mazingira yalikuwa kama yameagizwa. Shangazi alikwenda hospitali kutazamwa miguu, Mama Muuguzi akamsindikiza kwa kuwa anaijua lugha ya madaktari. Binamu alikwenda kutafuta mabomba. Dereva alikwenda stesheni, kama afanyavyo kila Alhamisi, kuzitazama treni za wenzake na kuzisema vibaya. Nyumba tupu.

Nilitoka mtaani nikampata fundi rangi ameketi juu ya madebe yake mbele ya ghala moja alilokwisha kulimaliza. Amebakiwa na rangi. Kijivu. Rangi ya kiofisi, yenye heshima, isiyobagua. Nilimweleza shabaha. Akatazama madirisha, akasema hayo yamesuguliwa na mtu mwenye mkono, mama mwenyewe yuko wapi? Nikamwambia ndiye tunayemkomboa. Malipo: saa yangu ya mkono. Ndiyo. Sikusita. Historia itaandika hivyo.

Hadi alasiri alikuwa amemaliza madirisha yote ya mbele na lile la chumba cha Mama Muuguzi. Yanang'aa. Yanafanana. Nyumba sasa inaonekana kama mahali ambapo mtu anaweza kuwasilisha jambo.

Wa kwanza kurudi ni Shangazi na Mama Muuguzi. Waliteremka kwenye gari. Shangazi alishika nguzo ya geti. Mama Muuguzi alitembea hadi kwenye dirisha la chumba chake, akaigusa fremu kwa kidole kimoja, akakitazama kidole. Kijivu. Nikajua: furaha imemzidi.

Nilingoja chakula cha jioni ili wote wawepo. Nikasimama, nikasoma: Waraka wa Kuwaondolea Wageni Wazee Kazi za Sulubu, Pamoja na Mapendekezo. Kurasa ni nyingi, lakini zimepangika. Nilisoma kuhusu mgongo. Nilisoma kuhusu harufu. Nilisoma kwamba kuanzia leo hakuna mgeni atakayegusa brashi, msasa wala grisi, na kwamba watakaa barazani kwa mapumziko kamili kama binadamu.

Dereva aliuliza, taratibu sana, kama na bawaba zake nazo zimo. Nikamwambia zimo, ukurasa wa tatu. Akauliza sasa yeye akikaa barazani afanye nini. Nikamwambia asifanye chochote. Hiyo ndiyo maana ya mapumziko. Akasema mapumziko hayo anayo nyumbani kwake, tele, hayahitaji tiketi.

Binamu aliweka kijiko chini, akaniambia, "Kaka, nyamaza. Nakuomba. Nyamaza tu."

Mama Muuguzi alinyanyuka. Akazikusanya brashi zake pale kwenye kopo, ambazo zilikuwa safi, akaenda kuziosha. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawa hawajazoea kutetewa.


Ijumaa, 10 Julai

Mama Muuguzi amehama. Asubuhi, na begi lake, na brashi zake zimefungwa ndani ya gazeti. Amehamia nyumba ya wageni iliyo juu kilimani, ambako hawapaki kitu.

Dereva akamfuata adhuhuri. Aliacha kopo la grisi mezani, mfuniko wazi. Nusu ya milango haijatiwa. Inalia sasa. Kila mtu akipita nyumba nzima inajua.

Binamu yuko nje tangu alfajiri anakwangua kijivu. Nilimtahadharisha kwamba anaharibu mali iliyolipiwa. Hakugeuka. Alisema rangi ile haikuwa ya mbao, ni ya chuma, na imeziba vinyweleo vyote. Kwamba itamlazimu afike hadi kwenye mti mtupu. Nikasema basi lawama ni ya fundi. Akakwangua kwa nguvu zaidi.

Shangazi aliniita jikoni. Alikuwa ameketi, miguu juu ya kiti cha pili. Nilitarajia ukali, nikawa nimejiandaa kwa vipengele. Hakuwa mkali. Ilikuwa mbaya kuliko ukali.

Aliniambia kwamba hao watu wa kipupwe ndio nyumba yenyewe. Wale wa joto huja, hulala, huacha mchanga kitandani, huondoka. Hawa ndio wanaomfanya yeye afike mwaka mwingine. Bila wao ghorofa ya juu haitakuwa tayari msimu ukifika, na haina haja ya kuwa tayari, maana yeye mwenyewe atakuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi. Akasema tangu mumewe afariki, Mama Muuguzi hajalia mbele ya mtu humu ndani, hadi jana, pale kwenye sinki, mgongo umewageukia.

Halafu akanishika mkono. Akasema mimi ni mtoto wa kaka yake, wa pekee, na kwamba alinitaka hapa kabla hata ya kumtaka Binamu. Akaniambia kesho nipande kilimani. "Usiende na karatasi. Mwambie samahani, mama. Basi. Ubebe begi lake, mrudi. Ukirudi naye, funguo mtashika wawili, wewe na mwenzio, na vyumba vya chini ni vyako wewe na mkeo."

Vyumba! Bado vipo!

Nilimwahidi. Nimeanza kuandika.


Jumamosi, 11 Julai

 

Nilipanda kilimani baada ya chai, suruali imenyooshwa. Kule ni jengo refu lenye korido na taa zinazowaka mchana. Dereva alikuwa ameketi barazani, mikono juu ya magoti, mbele yake hakuna kitu. Alizitazama karatasi zangu. Akasema, "Mwanangu, ziache hapa kwangu, nitakutunzia." Niliupuuza mtego huo.

Mama Muuguzi alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa viatu. Begi lake lilikuwa limefungwa, limesimama karibu na mlango, na juu yake gazeti lenye brashi. Akasema amelala vibaya, kitanda cha humu ni kizuri mno. Akasema alikuwa akingoja tu mtu yeyote aje, hata paka. Akauliza Binamu amefikia wapi kukwangua. Akanyoosha mkono kulichukua begi, akaniachia upande mmoja wa mpini.

Hapo, nakiri, nilikuwa na nafasi ya kulibeba. Lakini samahani isiyo na utangulizi ni nini? Ni kupiga chafya. Mtu wa hadhi yake alistahili iliyokamilika. Nikamwomba aketi. Akaketi kitandani, akaliweka begi mapajani.

Nilisoma. Sehemu ya kwanza, salamu na utambulisho. Sehemu ya pili, mfululizo wa matukio. Hadi hapo alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa wema. Sehemu ya tatu, masikitiko yangu kwamba nia njema ilipokewa kwa namna isiyotarajiwa. Akasema, "Sawa, baba, yamekwisha, twende." Nikamwomba maoni ayahifadhi hadi mwisho.

Sehemu ya nne ndiyo kiini. Humo nilieleza, kwa heshima na taadhima, kwamba haikuwa kosa lake kutotambua kwamba alikuwa akitumiwa. Kwamba huzuni ya mjane humfanya aione sulubu kuwa kumbukumbu. Na kwamba marehemu mumewe, kwa kumkabidhi brashi ile ya kwanza, ndiye aliyeanzisha, bila kujua, mtindo wa unyonyaji ambao mimi nilikuja kuukomesha.

Nilipoinua macho alikuwa amelifungua begi. Akatoa gauni moja, akalitundika. Nikaendelea na sehemu ya tano. Akatoa kanga. Akatoa kandambili, akazipanga chini ya kitanda, sambamba. Nilisoma kwa sauti zaidi. Alitoa nguo zake zote, moja baada ya nyingine, bila haraka, hadi begi likalala bapa. Sehemu ya sita ndiyo iliyokuwa na neno samahani. Nililisoma vizuri sana. Alikuwa ameshaingia bafuni na kufunga mlango.

Nilimaliza kusoma. Kazi iliyoanzwa humalizwa. Nikaacha nakala mezani.

Barazani Dereva aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia imepokewa.


Jumapili, 12 Julai

Imefanyika dhuluma, na ilifanyika jikoni, kati ya sufuria na sufuria.

Shangazi alimkabidhi Binamu funguo. Bila kikao. Bila kusimama. Alizitoa tu kwenye mfuko wa aproni akazisukuma juu ya meza, kama mtu anayempa mwenzake chumvi. Binamu mwenyewe hakuzishika mara moja. Aliniangalia mimi. Akasema, "Shangazi, na kaka je?" Shangazi akasema kaka amechoka, arudi akapumzike.

Nilipinga utaratibu. Nilitaja vipengele. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho hakuna aliyekifanya wiki nzima. Kisha akaniambia kwamba baba yangu alikuwa hivi hivi: ukimwambia umeumia, anakurekebisha ulivyotamka. Na akaniambia kwamba alimpenda vilevile. Na akainuka, kwa shida, akaenda kulala mchana, jambo ambalo wanasema hafanyi.

Adhuhuri Binamu alipanda kilimani. Hakubadilisha nguo. Alikwenda na kipande cha mbao alichokikwangua hadi rangi ya asili, na makopo mawili ya kijani alichokichanganya mwenyewe. Nilimfuata kwa mbali ili niwe shahidi wa kushindwa kwake. Alikaa ndani muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipotoka alikuwa amebeba begi, na Mama Muuguzi nyuma yake anamgombeza: eti kile si kijani, ni mchicha, nani alimwambia aanze na nyeupe, watoto wa siku hizi hawaambiliki. Dereva akiwafuata na viatu mkononi, akiogopa kuachwa.

Walinipita njiani. Mama Muuguzi alisimama. Akaniambia nifunge koti, upepo wa jioni unakuja.

Nilimpigia mke wangu simu kumwarifu kwamba narudi kesho. Kisha akauliza kama hakuna uwezekano wa kuongeza hata wiki moja, hewa ya huko inanifaa. Nikamwambia hakuna. Akasema haya, atanunua meza nyingine ya pasi.


Jumatatu, 13 Julai

Kituo cha mabasi. Asubuhi. Wenyeji wamejikunyata.

Binamu alinisindikiza na kunibebea sanduku, rangi ya kijani kwenye nywele. Shangazi alibaki nyumbani kwa sababu ya miguu. Alinitumia mikate na yai la kuchemsha. Mama Muuguzi alikuwa ameanza madirisha ya mbele tulipotoka. Lile la chumbani kwake bado. Ameliacha la mwisho.

Basi lilipowashwa Binamu aliweka sanduku kwenye buti, akajifuta mikono, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani kwa vumbi la kukwangua. Akasema, "Kaka, samahani kama nimekuudhi. Na chumba kimoja cha chini nitakiacha wazi. Ukitaka kuja, wewe njoo tu."

Hivyo tu! Palepale, kati ya muuza maji na tairi la akiba. Haina tarehe. Haitaji kosa. Haikueleza sababu wala haikuweka masharti. Chumba kipi? Kuanzia lini? Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba samahani ya namna hiyo haipokeleki mahali popote, na kwamba akiiandika ipasavyo nitaishughulikia. Akanikumbatia. Akaenda zake, na sikumwona akigeuka, ingawa nilitazama hadi kona.

Sasa tumekwea, bahari haionekani tena, na nimepata utulivu wa kuchambua. Nimeusoma upya waraka wa kilimani, neno kwa neno, kutafuta kosa lilipojificha. Nimelipata. Liko wazi, nashangaa sikuliona mapema. Sehemu ya nne haikufafanuliwa vya kutosha. Mama wa watu hakuelewa, ndiyo maana akalifungua begi.

Nilikuwa mfupi mno.

Abiria wa jirani ameniomba nisogeze kiwiko. Nimemwambia naandika. Ni sehemu ya saba.